Franco Luambo na kura ya mwaka 1984



Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, mwezi huu nimemchagua mwanamuziki. Watoto wa darasa la wakubwa waliniuliza kwa nini waimbaji wa huko nyumbani hupanda jukwaani na wagombea wakati wa uchaguzi. Swali lao ni zuri na jibu lake ni refu, kwa hiyo nimeona niliandike.

Jambo hilo halikuanza jana. Watanzania wanamkumbuka Kapteni John Komba na kundi lake la Tanzania One Theatre, lililoimba kwenye kampeni za CCM miaka mingi. Kenya, mwaka 2002, wimbo Unbwogable wa vijana wawili, Gidi Gidi Maji Maji, uligeuka kuwa wimbo wa kampeni wa muungano wa NARC, nao NARC wakaishinda KANU iliyokuwa imetawala tangu uhuru. Lakini mimi nitawapeleka Congo, kwa Franco. Huyu aliimba kumwombea kura mtu ambaye hakuwa na mpinzani hata mmoja. Ukiyajua maisha yake, utaelewa mengi kuhusu wasanii na wanasiasa popote pale.

Kama hujui Franco ni nani, muulize babu au bibi. Mzee yeyote aliyekulia Kinshasa, Lubumbashi, Kigoma, Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi amecheza nyimbo zake, hata kama hakujua Kilingala. Halafu rudi hapa tuendelee.

Mtoto wa muuza maandazi

François Luambo Makiadi alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 katika mji mdogo wa Sona-Bata, magharibi ya Congo. Wakati huo nchi ilikuwa koloni la Ubelgiji. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ilihamia Léopoldville, mji ambao leo tunauita Kinshasa, na huko ndiko mtoto alikokulia.

Baba alifariki Franco akiwa bado mdogo. Mama yake akabaki na mzigo wa watoto, akawa anauza maandazi sokoni katika mtaa wa Ngiri-Ngiri. Franco hakusoma sana. Alijitengenezea gitaa la kopo na nyaya, akawa analipiga karibu na meza ya mama yake ili wateja wavutike kuja kununua. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia: tangu utotoni Franco alijua kwamba gitaa linaweza kumfanya mpita njia asimame.

Jirani mmoja mpiga gitaa, Paul Ebengo Dewayon, alimfundisha kupiga gitaa la kweli. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15 tu, Franco aliingia studio ya Loningisa, iliyokuwa mali ya mfanyabiashara Mgiriki. Vidole vyake vilikuwa vyepesi mno, na baadaye watu wakampa jina la mchawi wa gitaa.

Juni 1956 yeye na wenzake walianzisha bendi. Walikuwa wakipiga katika baa ya mtu aliyeitwa Oscar Kashama, iliyojulikana kwa herufi za jina lake, OK. Bendi ikaitwa OK Jazz. Franco alikuwa hajatimiza hata miaka 18. Bendi hiyo aliipiga na kuiongoza mpaka mwisho wa maisha yake, ikakua hadi kuwa na wanamuziki zaidi ya 30, na ikaongezewa jina la TP, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya mwenye nguvu zote.

Muziki unaingia kwenye siasa

Januari 1960 viongozi wa Congo walikwenda Brussels kuzungumza na Wabelgiji kuhusu uhuru. Wanamuziki nao walikwenda. Kiongozi wao alikuwa Joseph Kabasele, maarufu kama Grand Kallé, na katika safari hiyo aliwachukua pia watu wawili wa OK Jazz, Vicky Longomba na Brazzos. Huko ndiko ulikozaliwa wimbo Indépendance Cha Cha. Wimbo ule ulitaja vyama mbalimbali na viongozi mbalimbali waliokaa kwenye meza moja. Ulipigwa karibu Afrika nzima, kwa sababu kila nchi ilikuwa inasubiri siku yake.

Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Patrice Emery Lumumba akawa waziri mkuu. Januari 1961 aliuawa. Franco akatoa wimbo wa maombolezo, Liwa ya Emery, yaani kifo cha Emery. Kijana wa miaka 22 alikuwa amesema kwa gitaa kile ambacho watu wengi waliogopa kukisema mtaani.

Novemba 1965 mkuu wa jeshi, Joseph-Désiré Mobutu, alichukua madaraka kwa nguvu. Juni 1966 wanasiasa wanne, mmoja wao Évariste Kimba aliyewahi kuwa waziri mkuu, walinyongwa hadharani mjini Kinshasa mbele ya umati mkubwa. Mwaka huohuo Franco alitoa wimbo kwa Kikongo, Luvumbu Ndoki, kuhusu mchawi anayekula watu. Hakutaja jina la mkubwa yeyote. Lakini kila aliyesikia alielewa, na serikali nayo ilielewa. Wimbo ulipigwa marufuku, na Franco akavuka mto Congo kwenda kukaa Brazzaville kwa muda mpaka hasira zipoe.

Mwanafunzi, tulia hapo kidogo. Huyu ni mtu aliyethubutu. Tukifika mwaka 1984 utajiuliza kama ni Franco yuleyule.

Kuwa karibu na jiko

Mwaka 1967 Mobutu alianzisha chama chake, MPR, na baada ya muda kikawa chama pekee. Kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, apende asipende. Mwaka 1971 nchi ilibadilishwa jina ikaitwa Zaire, na watu wakaambiwa waache majina ya Kizungu. Mobutu mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko, na François akawa Luambo Makiadi. Siasa hiyo waliiita authenticité, yaani kurudi kwenye asili.

Mobutu alijua nguvu ya muziki. Wananchi wengi hawakusoma magazeti, lakini karibu kila mtaa ulikuwa na redio, na kila baa ilikuwa na santuri. Hotuba husikika mara moja ikasahauliwa. Wimbo hurudiwa kwenye arusi, kwenye basi, na mama akiwa anapika. Maneno yake yanaingia kichwani bila mtu kutaka. Ndiyo maana chama kilitaka nyimbo. Wanafunzi na wafanyakazi wa serikali walilazimika kuimba na kucheza ngoma za kumsifu kiongozi, shughuli iliyoitwa animation. Wazazi waliosoma Bukavu, Kisangani au Lubumbashi katika miaka ya 1970 wanaikumbuka vizuri. Waombeni wawasimulie.

Franco aliimba nyimbo za kuisifu authenticité na chama, na OK Jazz ikawa bendi ya kutegemewa kwenye shughuli za taifa. Mwaka 1974, Kinshasa ilipoandaa pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, kulikuwa pia na tamasha kubwa la muziki. Walikuja James Brown, B.B. King na Miriam Makeba, na Franco alipiga kwenye jukwaa hilo kama mwenyeji.

Huduma hiyo haikwenda bure. Serikali ilipozichukua mali za wageni, kiwanda kikubwa cha kutengeneza santuri, Mazadis, kiliwekwa mikononi mwa Franco. Alikuwa pia mkuu wa chama cha wanamuziki, na alikuwa na ukumbi wake mwenyewe wa muziki mjini Kinshasa, uliojulikana kama Un Deux Trois. Yule mtoto wa muuza maandazi alikuwa sasa tajiri. Mwanamuziki mwenzake akitaka kurekodi, hakuwa na njia nyingi za kumkwepa.

Lakini anayekaa karibu na jiko huota moto, na pia huungua. Mwaka 1978 Franco alitoa nyimbo zilizohukumiwa kuwa za matusi, naye akatiwa gerezani. Urafiki wake na wakubwa haukumsaidia. Alipotoka hakunyamaza kabisa. Wimbo wake Tailleur unamzungumzia fundi cherehani aliyenyang'anywa sindano na mwenyewe. Wasikilizaji wengi waliona ni dhihaka kwa mkubwa mmoja wa sheria aliyekuwa amepoteza cheo. Hivyo ndivyo Franco alivyoishi: mkono mmoja unasifu, mwingine unafinya.

Mgombea mmoja

Sasa tufike kwenye uchaguzi wenyewe.

Katika nchi nyingi mnazoishi leo, mpiga kura anapewa karatasi yenye majina kadhaa. Zaire haikuwa hivyo. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1970, Mobutu alikuwa peke yake. Kulikuwa na kura ya rangi ya kijani ya kumkubali na kura nyekundu ya kumkataa. Matokeo yalitangazwa kuwa zaidi ya asilimia 99 wamemkubali. Mwaka 1977 alisimama tena peke yake.

Kulikuwa na watu waliotaka mabadiliko. Mwishoni mwa mwaka 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ndefu wakieleza makosa ya utawala wake na kudai uchaguzi wa kweli. Walikamatwa. Mwaka 1982 wao na wenzao wakaanzisha chama cha upinzani, UDPS, ingawa sheria haikuruhusu chama cha pili. Wakafungwa tena. Mmoja wao alikuwa Étienne Tshisekedi. Watoto mnaofuatilia habari mtalitambua jina hilo, kwa kuwa mwanawe Félix ndiye aliyekuwa rais wa Congo kuanzia Januari 2019.

Basi mwaka 1984 ukafika uchaguzi mwingine, wa kumpa Mobutu miaka saba zaidi. Mgombea alikuwa yeye tu. Franco na TP OK Jazz wakatoa wimbo Candidat na biso Mobutu, maana yake mgombea wetu ni Mobutu. Ni wimbo mrefu, wa kuchezeka, wenye magitaa matamu kama kawaida ya OK Jazz. Unawahimiza wananchi wampitishe Mobutu kwa sauti kubwa, na unawaonya wakubwa wa chama wasiwe na nyuso mbili.

Ulinganishe na Indépendance Cha Cha. Ule wa mwaka 1960 ulitaja majina mengi. Huu wa mwaka 1984 ulikuwa na jina moja, na watu waliotaka kuongeza jina la pili walikuwa kizuizini au chini ya ulinzi.

Unaweza kuuliza: kama hakuna mpinzani, kampeni ya nini? Nami nilijiuliza hivyo. Jibu ninaloliona ni kwamba mtawala wa namna hiyo hahitaji kura tu. Anahitaji ionekane kwamba watu wamefurahi. Redio ya taifa ikipiga wimbo wa kampeni kutwa nzima, na watu wakaucheza kwa sababu muziki wake ni mtamu, inakuwa kama wote wamekubali. Atakayekataa atajiona yuko peke yake. Hiyo ndiyo kazi ambayo sauti ya Franco ilifanya. Julai 1984 matokeo yakatangazwa, na kwa mara nyingine yalikuwa zaidi ya asilimia 99.

Wakati huo mishahara ya walimu na wauguzi wa Zaire ilikuwa haitoshi hata chakula, na hospitali nyingi hazikuwa na dawa. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo siwezi kuupita upande huo kimyakimya. Wimbo ule haukuwa na mstari kwa ajili ya mgonjwa aliyetakiwa kujinunulia sindano na pamba.

Je, Franco alilazimishwa? Watu wanabishana mpaka leo, hata katika chumba cha chai cha wazazi hapa shuleni. Wapo wanaosema kwamba mtu aliyewahi kukimbilia Brazzaville na aliyewahi kufungwa hakuwa na nafasi ya kukataa. Wapo wanaosema alikuwa na mali nyingi ya kulinda na aliimba kwa hiari yake. Mimi naona yote mawili yana ukweli. Hofu na faida zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Lakini hofu yake haiwaondolei wale wafungwa miaka waliyopoteza, na sisi tunaoupenda muziki wake tusiufiche ukurasa huo.

Sauti ileile, kazi nyingine

Maisha ya Franco hayakuishia kwenye kampeni. Mwaka 1985 alitoa wimbo Mario, kuhusu kijana msomi asiyefanya kazi, anayeishi kwa fedha za mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko yeye. Wimbo ulienea Afrika Mashariki nzima. Mpaka leo Watanzania humwita kijana wa namna hiyo marioo. Wengi wanaolitumia neno hilo hawajui kwamba limetoka kwa Franco. Nyinyi sasa mnajua.

Mwaka 1987 alitoa wimbo Attention na SIDA, yaani jihadharini na UKIMWI. Wakati huo ugonjwa ulikuwa unaua vijana kwa wazee. Dawa za kufubaza virusi tulizo nazo leo hazikuwapo, na serikali nyingi za Afrika zilikuwa bado zinaona aibu kuutaja. Franco aliutaja kwa jina lake. Aliimba kwa Kilingala na kusema kwa Kifaransa, akawaita watu kwa makundi: wazazi, walimu, wanafunzi, madaktari. Kila mmoja alipewa wajibu wake.

Katika kazi yangu najua ilivyo shida kumfanya mtu asikilize ushauri wa afya kwa dakika tano. Franco aliwafanya mamilioni wasikilize zaidi ya robo saa, tena wakarudia. Hakuna kipeperushi cha hospitali kinachoweza hivyo. Safari hii nguvu ileile iliyotumika mwaka 1984 ilitumika kuokoa maisha ya watu, na mtu aliyeisikia alikuwa na uamuzi halisi wa kufanya.

Muda mfupi baadaye Franco mwenyewe akaanza kuugua. Mwili wake uliokuwa mkubwa ulipungua sana. Watu walisema mengi kuhusu ugonjwa wake. Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba habari za mgonjwa ni zake mwenyewe, kwa hiyo sitaingia huko, nanyi msiingie mnaposimulia.

Alifariki tarehe 12 Oktoba 1989 katika hospitali ya mji wa Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Mwili ulirudishwa Kinshasa. Serikali ilitangaza siku nne za maombolezo, redio ikawa inapiga nyimbo zake tu, na umati mkubwa ukajitokeza kumzika. Miezi sita baadaye, Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Franco hakuishi kuiona siku hiyo. Mobutu naye aliondolewa madarakani Mei 1997.

Neno kwa wazazi na watoto

Mwanamuziki ni raia kama wengine. Ana haki ya kumpenda mgombea na kumuimbia. Tusimlaumu kwa hilo peke yake. Kazi ya kupima ni yetu tunaosikiliza. Ukisikia wimbo mtamu wa kampeni, hapa au nyumbani, ucheze ukitaka. Halafu uliza mambo matatu kabla ya kuamua: kuna mgombea mwingine, na ameruhusiwa kusema? Mwimbaji anapata nini? Na mgombea amefanya nini kwa shule na hospitali?

Wazazi, mkiwa na santuri au kanda za OK Jazz, wapigieni watoto nyimbo hizo. Mtoto anaweza kulipenda gitaa la Franco na bado akajua lilitumika vipi mwaka 1984.

Maneno ya wiki

Mgombea: mtu anayeomba kuchaguliwa.
Mpinzani: mtu anayeshindana na mgombea mwingine au anayeipinga serikali.
Santuri: sahani ya muziki ya zamani.
Marufuku: jambo lililokatazwa.
Kufubaza: kupunguza nguvu ya kitu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini wimbo kuhusu mchawi uliiudhi serikali mwaka 1966?
2. Wimbo wa kampeni una nguvu gani ambayo hotuba haina?
3. Kama ungekuwa Franco mwaka 1984, ungefanya nini? Toa sababu zako.
4. Muulize mzazi au babu: je, kuna wimbo wa uchaguzi anaoukumbuka? Mgombea aliyeimbiwa alitimiza ahadi zake?

Andikeni majibu kwa Kiswahili, hata kama ni mistari mitano tu, mje nayo Jumamosi. Wasalaam.